Kwa Nini Ukungu Huamka Mgongoni mwa Senene

Haya nilipewa na mama yangu, Kokushubira, tukichambua senene, wale panzi wa kuliwa, uani, msimu ambao walishuka wengi hadi nyasi zikainama. Misimu kama ile siioni tena.

Alisema zamani wadudu wote walikuwa na ngozi tupu, laini kama ya nyungunyungu. Ukungu, yaani kuvu, aliishi nao, mzee mpole asiye na mtoto. Mbegu zake zilitua kila mahali, juu ya mawe, majani na migongo ya wadudu, zikalala tu bila kuota. Senene alimhurumia, akamkaribisha kwake. Jioni Senene aliimba, Ukungu akimsikiliza huku amejilaza mgongoni pake, na wote wawili wakaona dunia imewatosha.

Ukaja ukame. Jua likawababua wadudu, wengine wakakauka. Nyuki akachemsha nta na utomvu mchungu, akawaita waje kujipaka. Mbawakawa alijipaka mpaka akang'aa. Senene alinusa, akakunja uso.

"Shangazi, hii inanuka. Nitaingiaje ngomani hivi? Nipe mafuta matamu."

"Uchungu huo ndio kinga yako, mwanangu."

"Nipe matamu tu."

Nyuki akampa.

Mvua zilipoanza, ngozi ya Senene ikalowa, na ule utamu ukazifikia mbegu zilizolala. Zikaamka. Ukungu, kusikia wanawe kwa mara ya kwanza, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akamsikia Senene akilia.

"Rafiki yangu, wananichoma! Waite watoke."

Ukungu aliwaita. Hawakutoka. Walikuwa wameshatia mizizi chini ya ngozi, nao walikuwa na njaa.

Senene akapanda unyasi hadi kileleni, akitumaini jua litawaunguza. Mawingu hayakufunguka. Akafia pale, ameukumbatia unyasi. Ukungu hakuwa na la kumpa ila sanda. Akamfunika kwa weupe wake wote.

Na tangu siku hiyo, mbegu ya ukungu ikitua juu ya mbawakawa hulala mpaka ianguke, lakini ikitua juu ya senene huamka. Ndiyo maana mama, kila alipomkuta senene mweupe kileleni mwa unyasi, hakumtia kikapuni. Alinishika mkono, tukapita polepole.

"Mwache," alisema. "Yuko na mwenzake."