Mstari wa Mhando

Kaeni, wajukuu zangu, wa nyuma wasogee. Hapo kale, kale niliyosimuliwa nami nikiwa na kamasi, mkonge ulikosa mnunuzi dunia nzima. Mashamba yakafungwa, watu wakapanda milima, wakapanda, wakapanda, hata wakaifikia kambi ya miti. Huko ukipanda miche ya mierezi, unapewa posho ya unga na kibanda cha kulala.

Mmoja wao alikuwa Mhando, mkata mkonge kutoka Handeni. Mkewe, Mwantumu, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mhando akapewa kazi ya kuandaa miche, wenzake wapande. Mnajua alifanya nini? Akatoa kisu, akaikata mizizi. Kwa! Kwa! Kwa! Mche wa mkonge hukatwa mizizi ndipo upandwe, naye hakujua mmea mwingine. Hakuuliza. Fundi mzima aulize?

Siku ya tatu mstari wa kwanza ukanyong'onyea. Siku ya nne ukawa rangi ya kutu.

"Ni jua hili," alisema mnyapara, mzee Shekilindi. "Kesho tunapanda kilima kizima. Mhando, andaa miche yote."

Mhando aliushika mche, akaitazama mizizi yake, akaelewa: si jua, ni kisu chake. Akisema, atafukuzwa, mkewe ajifungulie njiani. Akinyamaza, kilima kizima kitakufa na kambi itafungwa. Jamani, aliogopa! Akakiweka kisu chini.

"Mbona hukati?" mkewe akamwuliza.

"Nikikata tumekwisha. Nikisema tumekwisha."

"Basi sema. Mimi miguu ninayo."

Akaenda kwa mnyapara. "Mzee, si jua. Ni mimi. Niliikata mizizi."

Shekilindi akang'oa mche mmoja, akautazama, akautazama, akautazama.

"Mstari huu usipandwe tena," akasema mwishowe. "Na kila mgeni atokaye kwenye mkonge, utamleta hapa umwambie ulichofanya. Kwa mdomo wako."

Akamwambia wa kwanza, akamwambia wa ishirini, akamwambia wa mia. Aibu ilimwuma kila mara. Lakini Mwantumu alijifungulia kambini, na miche ya kilimani ikashika.

Ile njia mnayokatiza msituni kwenda shule, mierezi kulia, mierezi kushoto, katikati hamna hata mti mmoja? Hakuna aliyeichonga. Ndiyo mstari wa Mhando.

Basi mkikosea, wanangu, semeni mkiwa mmeharibu mstari. Msingoje kilima.

Kisa kimefika mlangoni; mwenye masikio akibebe, aende nacho kwao.