Sauti ya Mzee Dosa

Wenye vyeti sogeeni mbele. Mkikwama, sisi tulioikimbia shule tutawasaidia.

Kondoa walikuwapo wanawake watatu, mashoga. Hidaya hajatupa kitu tangu azaliwe. Mwanaidi aliweza kuiga chochote, hata kikohozi cha jirani. Sikudhani, aliyeacha shule kidato cha pili, alijua kujisifu. Lakini ukimpa kilichovunjika, hakirudishi mpaka kifanye kazi.

Mzee Dosa, mnadi wa ng'ombe, alipasuliwa koo, sauti ikaenda. Miaka mingi aliandika kwenye kompyuta, nayo ikamsemea. Kompyuta ikafa. Wakamletea mpya, yenye toleo jipya la programu ile ile, lenye sauti nyingine. Mzee akaijaribu, akasikiliza, akaandika ukutani kwa chaki: "Huyu anayesema ni nani?"

"Ni wewe, baba," bintiye akamjibu.

Akafuta, akaandika tena: "Mjukuu wangu simpi jina kwa mdomo wa mgeni. Atakayenirudishia sauti yangu, mtoto atapewa jina lake."

Toleo la zamani lilishatelekezwa hata na waliolitengeneza. Hidaya akapekua makopo yake, akatoa flashi yenye msimbo wa toleo hilo, yale maandishi ambayo programu hujengwa kwayo. Hakuna mwingine aliyeyahifadhi.

Kompyuta mpya ikayakataa. Basi Mwanaidi akaunda ndani yake kompyuta ya zamani ya kuigiza, na zana zote za enzi zile. Msimbo ukajiona uko kwao.

Ukaanza kujengeka, ukakwama. Kipande cha kugeuza herufi kuwa sauti kilitakiwa kuvutwa kutoka tovuti ya watengenezaji, na tovuti ilishafungwa.

"Pisheni, wasomi," Sikudhani akasema. Akakiandika upya, akijaribu na kusikiliza. Ng'ombe akatoka "ni-gombe", akatoka "nongombe", mpaka ng'ombe akawa ng'ombe. Programu ikajengeka, ikasema kwa sauti ile ile ya zamani.

Siku ya kumpa mtoto jina, Sikudhani alifika na hina mikononi, kama bibi harusi.

"Bila mimi mngejenga nini, upepo?" Hidaya akauliza.

"Na wewe ungeujengea wapi, shoga? Kwenye kopo?" Mwanaidi akamrudishia.

"Bila mimi mngemletea mzee bubu wa pili!" Sikudhani akadakia.

Mzee akaketi mbele ya kompyuta. Mtoto wa kike akalia mapajani mwa mama yake. Macho ya Sikudhani yalikuwa kwenye kidole cha mzee, kilichoinuka juu ya herufi kikasita.

Haya, nyie. Mtoto ni mmoja, na jina ni moja. Je, kidole kingekuwa chako, ungeandika la nani?