Mama Pimbi Achagua Shoka

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mafiga yao, wakwe zao na ugomvi wao kama sisi, kulikuwa na bonde lililojaa maji kila masika. Wingu likitanda, kila nyumba ilifunga mizigo ikapanda msituni kupiga kambi mpaka maji yapungue.

Tulieni hapo mbele, maana hadithi hii haina vicheko vingi. Msitu wa masika hauna huruma. Kuni zote zimelowa, na moto hauwaki mpaka upasue gogo uufikie moyo wake mkavu. Asiye na shoka hana moto, na asiye na moto baridi humchukua.

Mashoka yalifuliwa na Mhunzi Nungunungu. Siku ya kuchagua aliyapanga juu ya ngozi, kisha akakaa kimya, kwa kuwa ilikuwa mwiko mhunzi kuisifu au kuikosoa kazi yake siku hiyo. Wadogo waliruhusiwa kushika na kutazama, ila wakubwa ndio waliotangulia kuchukua. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo walivyosema. Na ukishalitemea shoka mate, basi ni lako. Hulirudishi hata likuvunjikie mkononi.

Masika yaliyotangulia, Baba Pimbi alikuwa ameliona shoka zuri. Nyati akamnyang'anya mikononi, akalitemea mate, akaenda zake. Baba Pimbi alibaki na la mwisho, na hilo likavunjika msituni mvua ikinyesha. Baridi ilimkuta amewakumbatia watoto. Watoto walipona, yeye hakupona.

Na lile shoka zuri je? Nyati alilisahau nje mvuani, kutu ikalila lote. Sasa alitaka jingine. Tena alijigamba kisimani, watu wakisikia, kwamba yeye hana haja ya kujifunza mambo ya chuma: atamngoja Mama Pimbi achague, kisha atachukua.

Maneno hayo yalimfikia Mama Pimbi. Siku ilipofika aliwaacha watoto kwa jirani, akaokota kijiwe, akaenda kwa mhunzi.

Aliyapitia mashoka moja moja. Aliinua kila moja, akafumba jicho na kuufuata mpini kwa jicho la pili, kisha akagonga bapa kwa kijiwe. Kulikuwa na moja fupi, jeusi, limejaa alama za nyundo. Mpini wake ulikuwa wa mkole, mti mgumu, na nyuzi za mti zilikwenda moja kwa moja toka kichwani hadi mwisho, hakuna uliokatiza. Aligonga. Ngiiii! Sauti ilikwenda ikakawia kurudi. Hicho kilikuwa chuma kizima, lakini alilirudisha chini kama kitu cha mtu mwingine, akasogea.

La mwisho lilikuwa pana, limesuguliwa kwa mafuta hadi likang'aa. Aligonga. Kwe.

Sauti ile aliijua. Ni ya chungu chenye ufa. Ndiyo aliyoisikia siku mumewe alipoleta nyumbani shoka la mwisho, Mama Pimbi akanyamaza kwa kuwa halikuwako jingine. Machozi yakamtoka, akalikumbatia lile shoka kifuani.

Hapo ndipo alipoona kivuli cha pembe juu ya ngozi: Nyati alikuwa amesimama nyuma yake tangu alipogonga. Angeweza kuliweka chini. Hakuliweka.

"Mama Pimbi, unalia nini?" Nyati aliuliza.

"Namkumbuka baba watoto," alisema. "Angekuwa hai, hili angelitambua kwa sauti yake tu."

Nyati hakungoja zaidi. Alilivuta, akalinyanyua juu watu wote walione. Ptu! Likawa lake. Mhunzi Nungunungu aliinama akatazama miguu yake mwenyewe. Zamu ya wadogo ilipofika, Mama Pimbi alilitemea mate lile jeusi, na hakuna aliyeligombania.

Mvua ikaja. Wakapanda msituni, na kambi ya Nyati ikawa jirani na ya Mama Pimbi. Mama Pimbi alikuwa akiwachochelea watoto wake moto aliposikia shoka la jirani likifanya kazi. Pa! Pa! Kisha, kacha! Kipande cha chuma kilipita juu ya majani kikatumbukia topeni.

Nisiwafiche: alifurahi. Furaha ile ilikuwa chungu, lakini ilikuwa furaha.

Akamsikia Nyati akipigana na gogo kwa pembe na kwato, akaona moshi usiokuwa na moto. Akamsikia mama yake Nyati, kizee wa watu, akikohoa na kutetemeka mpaka meno yanagongana. Halafu meno yakanyamaza. Mama Pimbi akaacha kuchochea. Mumewe naye alitetemeka hivyo, kisha akaacha kutetemeka, na baada ya hapo hakusema neno tena.

Nyati akaja akasimama mbele ya kibanda cha Mama Pimbi, mvua ikimchuruzika.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanidanganya, Mama Pimbi."

"Bwana Nyati, niligonga mbele yako. Lilisema kwe, na masikio yako hayo makubwa yalikuwa juu ya kichwa changu. Sikutamka kwamba ni zuri. Nililia tu, wewe ukaona machozi yangu ni ya tamaa."

"Yalikuwa ya nini?"

"Ya mume wangu. Shoka ulilomwachia lilikuwa na sauti ileile."

Nyati aliinamisha kichwa mpaka pembe zikagusa tope.

"Mama yangu ameacha kutetemeka," alisema.

Mama Pimbi aliwatazama watoto wake waliolala wakiwa wamekauka. Akasimama, akachukua lile shoka fupi.

"Mlete," alisema. "Mlaze karibu na moto, katikati ya wanangu. Haraka."

Akaliweka gogo juu ya jiwe. Pa! Likapasuka, na moyo wake ulikuwa mkavu. Alipasua jingine na jingine, na moto ukapanda. Kabla mvua haijakatika kizee alianza tena kutetemeka, na Nyati, aliposikia meno yake, alilia bila kujificha.

Masika yaliyofuata Nyati alikwenda kwa mhunzi akasimama nyuma ya wadogo wote. Zamu yake ilipofika aliokota kijiwe, akagonga, akatega sikio, kisha akamgeukia Mama Pimbi. Mama Pimbi akatikisa kichwa. Nyati akaliweka chini, akagonga jingine, na jingine, watu wakimngoja. Ngiiii! Hapo ndipo alipotema mate.

Basi shikeni hili mwende nalo: nguvu humnyang'anya mtu shoka, haimnyang'anyi sikio.