Neno la Mwisho la Mshubiri

Siku hizo mshubiri haukuwa mchungu. Watoto walivunja jani lake wakalinyonya kama muwa, na mama zao hawakuwakataza. Tena mshubiri ulikuwa na sauti. Haukuwa wa kupiga soga. Ulinong'ona neno moja moja, upepo ukiwa umetulia, na aliyekuwa karibu alisikia.

Katika kijiji cha Mwarungu, kwenye mteremko wa mlima, mtoto alipozaliwa kitovu chake kilizikwa ndani ya chungu chenye udongo, na juu yake ukapandwa mshubiri mchanga. Chungu kikawekwa karibu na kitanda. Mtoto na mmea wake walikua pamoja, na mmoja akiugua, mwenzake aliugua pia. Vyungu hivyo havikuwa na tundu. Chungu chenye tundu kilikuwa kile cha kuwekwa juu ya kaburi tu. Kilitobolewa chini ili kila akionaye ajue kwamba si mali ya walio hai.

Hapo kijijini alikuwapo mama mmoja, jina lake Mkamburi. Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, alifariki mwaka wa ukame. Mshubiri wake ulikunjamana, majani yakawa membamba kama ulimi wa mjusi, na mtoto naye akanyauka. Wakamzika nyuma ya nyumba, upande wa juu wa mteremko. Mkamburi alipojaliwa binti, Wakesho, aliapa kwamba huyu hataijua kiu. Akaumwagilia mshubiri wa binti yake asubuhi na jioni. Hata masika yalipoingia, ukungu ukashinda mlangoni kutwa nzima, yeye bado alikuja na kibuyu chake cha maji.

Wakesho alipoanza kung'oka meno ya utoto, majani ya chini ya mshubiri yaligeuka manjano. Kisha yakawa mazito na laini, kama yamejaa maji matupu. Ukiyabonyeza, kidole kinaacha shimo. Mkamburi akadhani ni kiu, akaongeza maji. Siku chache baadaye alikuwa akimkanda mtoto miguu, na kidole chake kikaacha shimo vilevile kwenye ngozi, wala halikujaa.

"Mama," Wakesho akasema, "mbona miguu yangu iko ndani ya maji?"

Miguu ilikuwa juu ya kitanda kikavu. Lakini mtoto alipoteremka kwenda nje, nyayo zake zilibaki sakafuni zimelowa, na hadi jioni zilikuwa hazijakauka.

Baada ya hapo hakuinuka tena. Ndipo neno likaanza.

"Chungu," alisema Wakesho, macho ameyafumba. Na kando yake, kwenye mmea, neno lilelile likanong'onwa likimfuata: chungu.

Mama mkwe wa Mkamburi, Bi Mghoi, ndiye aliyefinyanga vyungu vya kijiji kizima, na cha Wakesho pia kilitoka mikononi mwake. Aliketi ukingoni mwa kitanda akamsikiliza mjukuu.

"Kinywa chake kina uchungu," akasema. "Mpe asali. Na mmea upe maji ya asali. Unangoja nini? Mtoto amesema mwenyewe, nawe una masikio, ingawa unayavaa kama mapambo."

Mkamburi akafanya alivyoambiwa. Wakesho alilamba asali, akasema ni tamu. Kisha yeye na mmea wakasema tena: chungu.

Ikafika mchana wa jua la utosi, saa ambayo watu hawana vivuli na hata kuku wamenyamaza. Mkamburi alivunja ncha ya jani akaionja. Ilikuwa tamu kama siku zote. "Sasa uchungu uko wapi?" akajiuliza. Ndipo alipoona jani refu lililoinama kuliko mengine. Ncha yake ilikuwa imegusa ukingo wa chungu, kama kidole kinachoonyesha.

Akachomeka kidole chake kwenye udongo. Chini palikuwa na baridi, na harufu ya kitu kilichofunikwa muda mrefu. Kisha kitu laini kikakizunguka kidole kikakishika, kama kichanga anavyoshika kidole cha mama yake. Mkamburi hakupiga kelele. Alikivuta kidole polepole, maana aliona vibaya kukipokonya.

"Mama," akamwambia Bi Mghoi, "hasemi uchungu. Anakitaja chungu. Hiki hapa. Maji hayana pa kutokea."

Bi Mghoi akasimama. "Chungu changu? Chungu changu hakijawahi kuvuja hata tone, tangu nianze kufinyanga!"

"Ndio ugonjwa wenyewe, mama."

"Ukitoboa chungu humu ndani na mtoto yu hai, umemwandalia cha kaburini. Mimi simo!"

"Basi geukia ukutani, mama."

Mkamburi aliung'oa mshubiri. Mizizi ilikuwa myeusi, ikiteleza mkononi kama mlenda. Akaikata kwa kisu hadi alipofika penye weupe, na kila mzizi mweusi ulipoanguka, Wakesho alishusha pumzi ndefu. Kisha Mkamburi akachukua ncha ya mshale, akaizungusha chini ya chungu mpaka ikapenya.

Maji yakatoka. Yalitoka meusi, mengi kuliko chungu kile kingeweza kubeba. Yakavuka kizingiti, lakini hayakuteremka kama maji yanavyoteremka. Yalipanda mteremko. Mkamburi akayafuata mpaka nyuma ya nyumba, akayaona yakifika kwenye kaburi dogo na kuzama bila sauti chini ya kile chungu chenye tundu.

Akasimama pale. Akajua miaka yote hiyo alikuwa akimnywesha nani.

"Umekunywa, mwanangu," akasema. "Sasa mwachie dada yako."

Mshubiri aliulaza kivulini, bila udongo wala maji, mpaka kidonda chake kikafanya ngozi. Kazi hiyo ndiyo iliyomtesa kuliko zote, kukaa na kibuyu kilichojaa bila kumimina. Siku ya kuupanda upya, Bi Mghoi alileta mwenyewe kikapu cha mchanga na kokoto. Akakitazama chungu chake chini. "Tundu umelifanya kubwa mno," akanung'unika. Siku hiyohiyo Wakesho aliamka akaomba ugali, na nyayo zake sakafuni zilikuwa kavu.

Na tangu mchana ule mshubiri hausemi. Neno lake la mwisho limebaki ndani ya majani, na ukilikata jani ukaonja, utalikuta palepale: chungu. Vyungu vya mimea hutobolewa chini, na hakuna anayeviogopa. Na mwenye mshubiri, kabla ya kuumwagilia, huchomeka kidole kwanza. Akiukuta udongo mkavu, hutia maji. Akiukuta na baridi, hungoja. Na akihisi kidole kimeshikwa, hakipokonyi, hukivuta polepole.