Chumvi Haina Shikamoo

Chumvi haina shikamoo. Mmeisikia leo mkutanoni, mkacheka, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haya, kaeni niwaambie chanzo chake. Haikuzaliwa na kicheko. Ilizaliwa na hasira ya mwanamke mmoja, na kila nikiisimulia nami hupandwa na yangu.

Huko Nkolabuye dengu hupandwa mvua zikishakatika, kwenye udongo mweusi wa mbugani, zikakua kwa unyevu uliobaki ardhini. Hazimwagiliwi. Miaka hiyo chumvi ilikuwa imeanza kupanda juu; udongo ukikauka, unaona weupe kama mtu amemwaga unga. Shamba la Nshoma, mjane mwenye watoto wadogo, lilikuwa limeliwa lote na chumvi, naye hakuwa na jingine.

Wanakijiji wakakubaliana jambo la busara kabisa. Kila ukoo ulete mbegu yake, zote zipandwe pamoja pale penye chumvi kali kuliko pengine. Itakayozaa ndiyo itakayopandwa na wote msimu ujao. Akiba ya zile nyingine itapikwa chungu kimoja siku ya kuchagua, iliwe, ili mbegu dhaifu isirudi mashambani.

Nshoma alileta dengu za mama yake, ndogo, nyeusi, zisizo na sura. Mzee Masalu, mkuu wa baraza la wazee, alileta zake nene za kupendeza.

Siku ya kuchagua ikafika. Mstari wa Mzee Masalu ulikuwa umesimama kijani kibichi. Wa Nshoma ulikuwa mfupi, lakini kila shina lilikuwa na maganda yenye punje. Mingine yote ilikuwa imekauka. Watu wakampigia mzee makofi ya ushindi, na akina mama wakaanza kumimina dengu za koo nyingine chunguni.

Nshoma hakupiga makofi. Aliinama kwenye mstari wa mzee, akachota udongo, akautia ulimini. Ulikuwa na unyevu, unanuka samadi, na chumvi haikuwamo.

"Luhende!" akamwita mlinzi wa shamba. "Umemwagilia hapa?"

Luhende akakuna kichwa. "Sasa dada, ningeziacha dengu za mzee zife mbele za watu? Nilibadilisha udongo kidogo, nikatia na maji. Ni heshima tu."

Heshima tu! Alisema bila haya, na waliosimama karibu wakatikisa vichwa kukubali. Kumbe walikuwa wanajua. Damu ikamchemka Nshoma. Yaani wanawe walale njaa ili mtu mmoja asiaibike?

Akamwendea Mzee Masalu moja kwa moja, udongo mkononi. Mzee akakunja uso. "Binti, unanijia juu hivyo, hata shikamoo hunipi?"

"Shikamoo, baba," Nshoma akasema, akapiga goti kama inavyopasa. "Mimi nimekuamkia. Luhende naye amekuamkia kwa maji na samadi. Lakini huko mashambani hakuna wa kuzibembeleza dengu zako. Chumvi haina shikamoo!"

"Huna adabu!" watu wakamfokea. Mzee angesema neno moja tu, mambo yangenyooka. Hakulisema. Nshoma akanyakua kikapu chake cha mbegu kabla hakijamiminwa chunguni, akaenda zake nyumbani.

Msimu uliofuata kijiji kizima kilipanda mbegu ya mzee. Iliota vizuri, ikafurahisha macho, kisha udongo ulipoanza kukauka majani yakaungua, mashina yakafuata. Za Luhende ziliungua. Za mzee mwenyewe ziliungua vilevile. Shamba pekee lililovunwa lilikuwa la yule mjane, aliyepanda dengu za mama yake.

Basi wakapanga foleni uani kwa Nshoma kuomba mbegu, wale wale waliomfokea. Aliwapa, ingawa hakumchekea hata mmoja. Mzee Masalu alifika amechelewa, kikapu kitupu kwapani, na Luhende akaanza kuwasukuma watu. "Mpisheni mzee, jamani! Mpisheni apite mbele!"

Mzee akamshika mkono. "Niache hapa hapa nyuma, wewe. Heshima yako imeshanilaza njaa. Chumvi haina shikamoo."