Nyasi za Mama Tereza

Wahenga waliposema akiba haiozi, hawakutaja akiba ya nini. Pengine walijua wapo watakaodhani ni fedha tu, wakataka kuwacheka baadaye. Maana yake ni kwamba kilichotunzwa kwa busara hakipotei bure; siku ya shida humwokoa aliyekitunza. Paskazia, binti wa Kihaya aliyeolewa kwa Wasukuma wa Sengerema, aliijua methali hiyo tangu shuleni. Hata insha aliitungia. Kuiishi kukawa jambo jingine.

Mumewe, Maige, alifanya kazi katika soko la samaki la Mwaloni, ng'ambo ya ziwa, na alivuka kurudi nyumbani mwisho wa juma tu. Siku zilizobaki Paskazia alishinda na mama mkwe wake, Mama Tereza, mwembamba kama ufito lakini mwenye ulimi wa wembe. Paskazia alipojifungua mtoto wa kwanza, mkwe huyo alimzawadia mtamba na kumpa jina la Bukoba, akidai kwamba mtamba na Paskazia wote walifika pale na maringo. Hiyo ndiyo mali ya kwanza Paskazia kuiita yake.

Mvua za masika zilipoanza, Mama Tereza aliuziba mteremko wa nyuma ya nyumba kwa matawi ya miiba. Hiyo ndiyo ngitili, malisho ambayo Wasukuma huyafunga yasiguswe na mfugo hadi kiangazi kikaze. Nyasi zikarefuka, zikawa zinayumba kama mawimbi ya ziwa. Paskazia akashindwa kuuzuia utani.

"Mama, kwetu nyasi nzuri hivi hutandikwa sebuleni, mgeni akanyage. Ninyi mnazifungia kama mahari."

"Mahari yenyewe ndiyo inayozila, mwanangu," mkwe akamjibu. "Au unadhani wewe tulikutolea kuku?"

Paskazia alicheka sana, lakini maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Mvua zilipopungua, habari zikaja kwamba baba yake, Mzee Rugemalira, anakuja kutoka Bukoba kumwona mjukuu. Paskazia akawa hakai, hasimami. Kwao, kumkaribisha mgeni wa heshima kwenye sakafu tupu ni sawa na kumwacha mlangoni. Basi Mama Tereza alipokwenda kusali jumuiya, Paskazia alichukua mundu, akasogeza miiba, akafyeka kona nzima ya ngitili. Sebule ikatandikwa mpaka ukutani, ikanukia kama kwao.

Mama Tereza aliporudi alisimama mlangoni, ndala mkononi. Alizitazama nyasi, kisha akamkazia macho Paskazia. Kabla Paskazia hajajitetea, mgeni akabisha hodi. Mzee Rugemalira aliamkiwa, akakaa, akaisifu sakafu, kisha akauliza nyasi zile zimetoka wapi. Alipoelezwa, alinyanyua miguu yote miwili kama aliyekanyaga siafu.

"Paskazia, umenitandikia chakula cha wenyewe," alisema. "Mimi nimekuja kama mgeni, si kama ng'ombe."

Mama Tereza akaangua kicheko hadi akashika ukuta. Lawama ikafia hapo. Wote watatu, mzee akiwa amekunja suruali hadi magotini, walizizoa nyasi, wakazianika juani, na zilipokauka wakazifunga mafungu na kuyapandisha kwenye dari la banda. Mama Tereza alisema tu kwamba kilichokatwa hakirudi shinani, hivyo kitunzwe kama kilivyo.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuja na meno. Jirani yao Chenge, ambaye mifugo yake ilikula kila jani lililothubutu kuchomoza, aliwaswaga ng'ombe wake mbali, kuelekea ziwani. Kwa Mama Tereza ngitili ilifunguliwa, ng'ombe wakalishwa kipande baada ya kipande. Bukoba peke yake hakuweza kufika huko. Mimba ilikuwa imemwelemea na mteremko ukamshinda. Akajilaza bandani, mbavu zikihesabika. Paskazia aliketi kando yake, machozi yakimlengalenga, akijua kwamba akimkosa Bukoba, na ndama amemkosa.

Mama Tereza akamgusa bega, akamwonyesha darini kwa kidevu.

Nyasi zilikuwa kavu, rangi ya asali, hazina hata chembe ya ukungu. Paskazia alimlisha Bukoba kwa mikono yake, akimnywesha maji ya ndoo na kumbembeleza kwa Kihaya, kana kwamba jina ndilo kabila. Mafungu yalipokaribia kwisha, Bukoba alisimama. Haukupita muda, akazaa ndama jike, mzima.

Siku maziwa yalipofaa kunywewa, Paskazia alipiga magoti na kumpa mkwewe kikombe kwa mikono miwili.

"Asante, mama. Nilikuharibia, nawe ukanisitiri."

"Kukata hukukosea, mwanangu. Ulikosea kutouliza. Inuka tunywe, maziwa hayangoji hotuba."

Kikombe kilichofuata Paskazia alikipeleka mwenyewe kwa mke wa Chenge, ambaye watoto wake hawakuwa wameonja maziwa tangu ng'ombe wao waondoke. Na mvua ziliporudi, aliyetangulia mteremkoni na panga la kukatia miiba alikuwa yeye, mikono imechanika, moyo umejaa shukrani. Chenge alikuja nyuma yake, akaomba aonyeshwe namna ya kufunga upande wake. Paskazia alimwonyesha pa kuanzia, akamwambia kwa uhakika wa aliyeyaona kwa macho yake: akiba haiozi.