Nyati Aliyeziba Kisima

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Pakawa kisima kimoja, wenye kiu tele! Sogeeni, na wewe unayesinzia huko nyuma, fumbua macho.

Hapo zamani za kale ukame uliingia nchini. Mito ikakauka, kikabaki kisima kimoja tu. Nyati akakiziba kwa jiwe ambalo yeye peke yake aliweza kulisukuma, akalala kando yake.

Mama Kanga alikuwa na vifaranga saba. Siku ya kwanza akaenda.

"Hodi, Bwana Nyati. Shikamoo. Wanangu wana kiu."

"Marahaba. Nenda zako."

Siku ya pili akaenda tena, akafukuzwa. Siku ya tatu kifaranga mdogo hakuweza hata kusimama. Kanga akapiga magoti, akalia. Nyati akacheka mpaka pembe zikatikisika.

"Jiwe hili haliondoki! Labda ashuke Mungu mwenyewe!"

Loo! Maneno gani hayo?

Wanyama wakakutana waombe mvua. Desturi yao ilikuwa hii: kabla ya dua, kila mwenye kinyongo asamehe, la sivyo dua hairuki. Fisi akamwomba Mbuzi radhi. Mbuzi akamsamehe, lakini kwa mbali kidogo. Akabaki Kanga.

"Mimi nimsamehe Nyati? Yule?"

"Mwenzangu, wafikirie wanao," akasema Kobe.

Kanga akamtazama yule kifaranga wake mdogo.

"Haya. Roho inaniuma, lakini namsamehe."

"Amina!" wakaitikia wote.

Tone likamdondokea Kanga mdomoni. Likaja la pili, likaja la tatu, kisha mvua ikamwagika! Vifaranga wakaachama midomo, wakanywa. Yule mdogo akasimama, akapiga chafya. Kanga akacheza ngoma ya peke yake kwa furaha.

Na Nyati je? Kisima kilifurika, ardhi ikalainika, jiwe likaanza kuteleza. Akalizuia kwa kichwa, akazama hadi magotini. Akalizuia kwa kifua, akazama hadi tumboni. Akakaza nguvu zake zote, akazama hadi shingoni. Jiwe likabingirika, likaenda zake. Bwana mkubwa akabaki topeni akilinda kisima, na maji yamejaa nchi nzima!

"Dada Kanga, nakufa! Nisamehe!"

Kanga akamtazama.

"Nilikwisha kukusamehe, kaka. Maji haya yanayokuzamisha ndiyo msamaha wenyewe."

Nyati akainamisha macho. Wanyama wakamfunga kamba za miti, wakamvuta huku wakiimba na kucheka. Akatoka ananuka tope, mpole kabisa, akapanga foleni ya kunywa nyuma ya vifaranga.

Basi, wanangu, wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Mpisheni, lakini msimwogope kupita kiasi. Nguvu za mja zina kikomo, na Mungu si Athumani.

Ngano yangu imeshiba maji, nami naifungia mlango. Ikikufurahisha, kamsimulie jirani. Isipokufurahisha, niachie mwenyewe nikalale nayo.